Kabla ya kununua dawa, mjue mdudu aliye ghalani

MKULIMA wa Oldeani, wilayani Karatu, anapofungua gunia la mahindi mwezi Novemba na kukuta unga ukimwagika kabla ya punje, hahitaji kuambiwa kuwa amepata hasara. Anachohitaji kuambiwa ni jambo moja tu, nalo mara nyingi hakuna wa kumwambia: aliyefanya kazi hiyo ni mdudu gani?

Katika duka la pembejeo mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya mahindi, wadudu wameshaingia."

"Wadudu gani, mama?"

"Si hawa hawa, weusi wadogo."

Kijana anageukia rafu, anatoa pakiti iliyo karibu, pesa inatolewa na mama anapanda bodaboda kurudi nyumbani. Katika nusu dakika hiyo umefanyika uamuzi wa kibiashara ambao unaweza kuokoa au kupoteza hadi theluthi moja ya akiba ya familia, na umefanyika kwa maneno mawili: weusi wadogo.

Tatizo ni kwamba weusi wadogo ni wengi. Katika ghala moja la mahindi wanaweza kukutwa mbawakavu, yaani wadudu wenye mabawa magumu ya juu yanayofunika mgongo kama ganda, wa aina tano au sita kwa wakati mmoja. Wote hawazidi milimita 5 kwa urefu. Wote wana rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi. Kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni mwa ghala wakati jua linazama, wote ni mdudu mmoja. Lakini wengine hutoboa punje nzima, wengine hula mabaki ya wenzao tu, na yupo hata mmoja ambaye kazi yake ni kuwala hao waharibifu.

Tabora, mwisho wa miaka ya 1970

Tanzania ina sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa wa Tabora walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona. Fukusi walimfahamu tangu enzi za mababu, na waliishi naye. Huyu hakuwa yeye. Alitoboa gunzi, akatoboa punje, akatoboa hata mbao na miti ya kihenge.

Mwaka 1981 ndipo mdudu huyo alipotangazwa rasmi kwa jina lake la kitaalamu, Prostephanus truncatus, katika taarifa ya Dunstan na Magazini iliyochapishwa kwenye jarida la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Jina lenyewe halikuwa jipya. Mtaalamu wa Marekani, George Horn, alikuwa amemweleza mdudu huyu tangu 1878. Kilichokuwa kipya ni mahali alipokutwa, kwa kuwa asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hakuwahi kujulikana kuwa amejikita barani Afrika. Inaaminika alikuja ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka nje.

Wakulima hawakusubiri wataalamu. Walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori makubwa yaliyokuwa yakipita barabarani. Mwaka 1983 alikuwa ameshaonekana nchini Kenya, upande wa Taita na Taveta, na mwaka uliofuata Burundi. Mwaka 1984 alionekana pia Togo, Afrika Magharibi. Leo amesambaa katika maeneo mengi yanayolima mahindi nchini, na mkulima wa kanda ya kaskazini hana sababu ya kujidanganya kuwa dumuzi ni wa Tabora.

Vipimo vilivyofanywa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kuwa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yalipoteza wastani wa karibu asilimia 9 ya uzito katika miezi michache, na ghala lililoathirika zaidi lilipoteza asilimia 34. Kwa muhogo mkavu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani zaidi ya nusu ya uzito inaweza kwenda katika miezi minne.

Jina lilipojulikana, mambo matatu yalijulikana papo hapo: mdudu katoka wapi, adui zake wako wapi, na dawa gani ijaribiwe kwanza. Bila jina, mtu angeendelea kubahatisha.

Dawa moja haiui wote

Hapa ndipo mfuko wa mkulima unapoguswa.

Dawa za unga zinazochanganywa na nafaka zimetokana na makundi tofauti ya kemikali. Kundi moja, ambalo kiungo chake maarufu huandikwa kwenye lebo kama pirimiphos-methyl, linamuua fukusi vizuri pamoja na wadudu wa unga, lakini kwa dumuzi na ndugu zake ni dhaifu. Kundi jingine, ambalo kwenye lebo huandikwa permethrin au deltamethrin, linamuua dumuzi vizuri, lakini fukusi huweza kutembea juu yake na kuendelea na shughuli zake.

Jambo hili lilijifunzwa kwa gharama. Katika miaka ya 1980, mapambano dhidi ya dumuzi yalipoanza, wakulima walihimizwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na vumbi la permethrin pekee. Dumuzi alipungua. Fukusi na mdudu mwekundu wa unga wakabaki na ghala lote kwa ajili yao. Ndipo ikabuniwa dawa mchanganyiko yenye viungo vyote viwili, ambayo wakulima wengi waliifahamu kwa jina la Actellic Super, yenye asilimia 1.6 ya kiungo cha kwanza na asilimia 0.3 ya cha pili, ikitumika kwa kipimo cha gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100. Baadaye zimekuja nyingine zenye michanganyiko tofauti.

Mtu anaweza kuuliza, kama mchanganyiko upo, ya nini kumjua mdudu? Kwa sababu madukani si kila pakiti ni mchanganyiko. Zipo zenye kiungo kimoja, na mara nyingi ndizo za bei nafuu. Mkulima mwenye fukusi peke yake anaweza kuokoa fedha. Mwenye dumuzi anayenunua pakiti ya kiungo kisichomuua anakuwa amenunua vumbi.

Liko na jambo jingine linalosikika kila msimu: "Dawa hizi ni feki." Dawa bandia zipo, hilo halina ubishi. Lakini dawa halali iliyotumika kwa mdudu asiyehusika hushindwa kama bandia inavyoshindwa, na mwenye duka hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Njia ya kutofautisha mambo hayo mawili ni kuchukua wadudu waliobaki hai baada ya dawa na kuwatazama. Wakiwa ni spishi moja tu iliyosalia na nyingine zimekufa, dawa ilifanya kazi yake, ila haikuwa ya huyo aliyesalia. Wakiwa wote hai, hapo sasa dawa yenyewe, kipimo chake au umri wake vichunguzwe.

Tofauti inaonekana wapi

Habari njema ni kwamba dumuzi na fukusi hawahitaji hadubini ya maabara. Kioo cha kukuzia mara 10, kile kinachoshikwa kwa vidole, kinatosha. Chekecha kilo moja ya mahindi juu ya karatasi nyeupe, subiri wadudu watulie, kisha tazama.

Anza na kichwa. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mkonga. Mwenye mkonga ni fukusi, na mara nyingi ana mabaka manne mekundu hafifu mgongoni. Kama huoni mkonga, na ukimtazama kutoka juu huoni hata kichwa, kwa kuwa kifua kimekifunika kama kofia ya koti la mvua, huyo ni wa ukoo wa vipekecha. Dumuzi yumo humo, lakini hayuko peke yake.

Sasa tazama nyuma. Mwili wa dumuzi ni kama kipande kidogo cha bomba, urefu wake milimita 3 hadi 4.5, na mwisho wake umekatwa ghafla kama mti uliopigwa msumeno, huku pembeni mwa mkato huo kukiwa na ukingo ulioinuka. Kipekecha mdogo, ambaye ni adui mkubwa wa ngano, ni mwembamba zaidi, milimita 2 hadi 3, na mwisho wake umeteremka taratibu na kuwa mviringo. Kwa Karatu, ambako shamba la ngano na la mahindi yanaweza kupakana na mazao yakawekwa chumba kimoja, tofauti hii si ya kitabuni tu.

Yupo wa tatu wa ukoo huo ambaye huwapoteza hata maofisa ugani: kipekecha wa mianzi. Huyu hula mianzi mikavu, na anaweza kuingia ghalani ndani ya matenga au fito za kihenge chenyewe. Ni mfupi, mnene kidogo, na kwenye sehemu ya nyuma ya kifua ana vishimo viwili vidogo vinavyokaa sambamba, alama ambayo dumuzi hana. Hapa ndipo kioo cha mkononi kinapoanza kushindwa na hadubini inapoanza kuhitajika. Inafaa kukumbuka kuwa jina Oldeani lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la mianzi, kutokana na mianzi ya mlimani. Aliyejenga kihenge kwa mianzi na kukuta vumbi la rangi ya majani makavu chini ya fito asikimbilie kusema dumuzi ameingia. Kwanza aangalie kama vumbi hilo ni la mahindi au la mwanzi.

Mdudu mwekundu wa unga, aliye bapa na mwenye kukimbia haraka, ni rahisi kumtambua. Kumwona yeye ni taarifa kuhusu mwingine, kwani hula unga na punje zilizovunjika. Mahali alipojaa, aliyetangulia kutoboa alikuwa mwingine.

Na yupo rafiki. Ni mdudu mweusi anayeng'aa, milimita 2 hivi, ambaye mabawa yake magumu hayafiki mwisho wa mwili. Anaitwa Teretrius nigrescens, naye asili yake ni huko huko alikotoka dumuzi. Hunusa harufu ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenzake, akaifuata hadi ghalani, na kula mayai na viwavi wa dumuzi. Aliachiwa kwa makusudi Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Matokeo yamekuwa mazuri sehemu nyingine na hafifu kwingineko, lakini ni wazi kuwa asingeweza hata kutafutwa kama dumuzi angeendelea kuitwa fukusi mkali.

Ambapo hadubini haina mpinzani

Mfano mzuri wa kazi ya hadubini ni fukusi mwenyewe. Kuna fukusi wa mahindi na fukusi wa mchele. Majina hayo yanadanganya, kwa kuwa kila mmoja anaweza kuzaliana katika mahindi, ngano au mchele. Kwa nje wamefanana kiasi kwamba kwa miaka mingi wanasayansi wenyewe waliwahesabu kuwa mdudu mmoja mwenye umbo kubwa na umbo dogo. Mkanganyiko wa majina ulinyooshwa mwaka 1961. Majaribio mengi yaliyofanywa kabla ya hapo kuhusu "fukusi wa mchele" hayawezi tena kujulikana kama yalimhusu huyu au yule.

Namna ya kuwatofautisha kwa uhakika ni kumpasua. Mdudu hulowekwa hadi alainike, sehemu ya nyuma hufunguliwa kwa sindano nyembamba chini ya hadubini, na viungo vya uzazi hutolewa. Kiungo cha dume wa fukusi wa mahindi kina mifereji miwili upande wa juu, wakati cha fukusi wa mchele ni laini. Kwa jike hutazamwa kipande kidogo kigumu chenye umbo la herufi Y, ambacho matawi yake yamechongoka kwa fukusi wa mahindi na ni ya mviringo kwa mwenzake. Ni kazi ya mikono isiyotetemeka, na mtaalamu mmoja hawezi kumaliza wadudu wengi kwa siku.

Je, mkulima anahitaji kulijua hilo? Hapana. Dawa na mbinu za kuwazuia ni zile zile, asipoteze nauli yake. Anayelihitaji ni mtafiti anayepima kama mbegu fulani inavumilia fukusi, au kama fukusi wa eneo fulani wameanza kuzoea dawa, kwani akichanganya spishi mbili katika chupa moja jibu lake halitamsaidia mtu. Kujua ni lini utambuzi wa kina unalipa na ni lini haulipi ni sehemu ya hesabu ya gharama, kama ilivyo kwa mbolea.

Hesabu ya magunia 30

Tuchukue mfano wa mkulima aliyevuna magunia 30 ya kilo 100. Bei hapa ni za mfano tu, kila mtu aweke za soko lake. Akiuza wakati wa mavuno kwa sh 50,000 kwa gunia, anapata sh 1,500,000. Akisubiri hadi Februari bei ikafika sh 80,000, na asipoteze hata debe, anapata sh 2,400,000.

Sasa mwingize dumuzi. Kwa hasara ya asilimia 9, anabaki na magunia 27.3, sawa na sh 2,184,000. Bado kusubiri kumemlipa. Kwa hasara ya asilimia 34, anabaki na magunia 19.8, sawa na sh 1,584,000. Amesubiri miezi sita, amelala na hofu ya wezi na panya, na amepata sh 84,000 zaidi ya jirani aliyeuza Agosti, kabla hajatoa gharama ya magunia na punguzo ambalo mnunuzi atadai kwa mahindi yenye matundu. Na hapo familia haijala.

Dawa sahihi, hata ikigharimu sh 2,000 kwa gunia, ni sh 60,000 kwa magunia yote. Dawa isiyo sahihi ni sh 60,000 hizo hizo zikijumlishwa kwenye hasara.

Kuna njia inayopunguza umuhimu wa jina la mdudu. Ni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayojulikana zaidi kwa jina la PICS. Mahindi yakikaushwa vizuri, unyevu ukiwa chini ya asilimia 13.5, na mifuko ikafungwa barabara, wadudu hutumia hewa iliyobaki ndani na kuishiwa. Fukusi, dumuzi na kipekecha mdogo wote huathirika kwa namna moja. Hapo hadubini inaweza kupumzika. Hata hivyo, dumuzi huweza kutoboa plastiki ya ndani kabla hajazidiwa, hivyo mwenye dumuzi aikague mifuko kabla ya kuitumia msimu wa pili, jambo ambalo mwenye fukusi hana haja ya kulihofia sana.

Jambo jingine linalotegemea jina ni kupukuchua. Dumuzi hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa sababu punje hazisogei anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa humyumbisha. Familia inayotunza mahindi darini na magunzi yake kwa mazoea ya zamani, mazoea yaliyofaa wakati adui alikuwa fukusi, inamtandikia dumuzi kitanda. Na kusafisha ghala peke yake hakumalizi, kwani utafiti nchini Kenya ulionyesha kuwa dumuzi huishi pia katika miti mikavu ya porini, mbali na mahindi.

Kahawa nayo ina mkanganyiko wake

Oldeani ilijulikana kwa kahawa tangu walowezi wa Kijerumani walipofungua mashamba makubwa kati ya vita viwili vya dunia, na mashamba ya kahawa yapo hadi leo. Huko mbawakavu anayeogopwa ni mdogo kuliko wote waliotajwa. Ruhuka jike ana urefu wa milimita 1.4 hadi 1.8. Aliwekwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1867 na Ferrari, mtaalamu wa Austria, kutokana na wadudu waliokutwa ndani ya kahawa iliyouzwa Ulaya. Mdudu wa Afrika alijulikana kwanza sokoni, kisha shambani.

Ruhuka jike hutoboa tunda kwenye ncha, huingia hadi kwenye punje na kutaga humo. Dume haruki, huishi na kufa ndani ya tunda. Ugumu ni kwamba ruhuka ana ndugu wengi wa jenasi moja wanaoishi katika vijiti vikavu, maganda na matunda yaliyoanguka, na kwa macho hakuna tofauti. Chini ya hadubini hutazamwa vinyweleo vya mgongoni, ambavyo kwa ruhuka ni vyembamba na vimechongoka, na kwa ndugu zake wengi ni bapa kama magamba.

Mitego ya chupa za plastiki yenye mchanganyiko wa spiriti, inayotumika katika nchi nyingi zinazolima kahawa, haiwavuti ruhuka peke yao. Harufu hiyo huwaita mbawakavu wengi wa miti. Msimamizi wa shamba anayehesabu kila kidudu cheusi kilichozama katika chupa na kuandika "ruhuka" anaweza kuagiza dawa ambayo shamba halikuihitaji. Huko Hawaii, ambako ruhuka aligunduliwa katika eneo la Kona mwaka 2010, wakulima walikuwa tayari na ndugu yake anayetoboa karanga za makadamia na ambaye huonekana pia kwenye ganda la kahawa, na ilibidi wafundishwe kuwatenganisha. Njia ya haraka shambani ni kupasua tunda: kama tundu limefika ndani ya punje, ruhuka ndiye wa kushukiwa kwanza. Kama limeishia kwenye nyama ya tunda, sampuli iende kwa wataalamu. Kwa kahawa nchini, wanaohusika ni Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) iliyoko Lyamungu, mkoani Kilimanjaro.

Kwa mfanyabiashara wa mbaazi

Mnunuzi wa mbaazi na ngwara anayepita vijijini Karatu kukusanya mizigo ya kupeleka nje anakutana na sura nyingine ya jambo hili. Wadudu wa jamii ya kunde hubandika mayai yao juu ya punje, yakaonekana kama madoa meupe, na wengi wao huanza shambani mazao yakiwa bado kwenye maganda. Anayekagua punje kwa madoa hayo kabla ya kupima anajua atapata nini baada ya wiki chache. Kwenye maharage mambo ni tofauti, kwa sababu mmoja wa wadudu wake hutaga mayai bila kuyabandika, hivyo maharage yanayoonekana safi yanaweza kuwa na wageni.

Bandarini jina la spishi lina uzito wa sheria. Mdudu wa kawaida akikutwa, mzigo unaweza kupigwa moshi na kuendelea. Akikutwa yule ambaye nchi inayopokea imempiga marufuku, mzigo unaweza kukataliwa. Mfano unaotajwa sana ni mdudu wa khapra, ambaye ndugu zake wamefanana naye kiasi kwamba wataalamu huangalia vipapasio, mdomo na nywele za kiwavi chini ya hadubini kabla ya kutamka. Marekani ilimkuta California mwaka 1953 na ilipambana naye hadi 1966 ndipo ikatangaza kuwa imemtokomeza. Cheti cha afya ya mimea kwa mazao yanayotoka Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI. Makao yake yako Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha.

Tahadhari kwa wanaopiga moshi wenyewe: vidonge vya fosfini si vya kuwekwa ndani ya nyumba wanamolala watu. Gesi yake huua, na hiyo si kazi ya kufanywa na mtu asiye na mafunzo na kibali.

Sampuli ifikeje

Kutoka Oldeani hadi Ngaramtoni ni zaidi ya kilomita 150, na si kila mtu ana sababu ya kusafiri. Wadudu wenyewe wanaweza kusafiri kwa niaba yake, kupitia kwa afisa ugani wa kata, wakaenda Ngaramtoni au kituo cha utafiti cha TARI Selian, kilichoko pia Arusha.

Wakusanywe wadudu wasiopungua 20, kutoka magunia tofauti na sehemu tofauti za gunia, wakubwa kwa wadogo, bila kuchagua wale wanaoonekana vizuri tu. Wawekwe kwenye kichupa chenye mfuniko unaobana, wafunikwe na spiriti ya kusafishia vidonda. Wasifungwe kwenye pamba, kwa sababu vipapasio hunasa na kukatika, na mara nyingi ndivyo vinavyotazamwa. Wasibandikwe kwa selotepu. Punje chache zilizotobolewa ziwekwe kwenye bahasha kavu, kando.

Ndani ya kichupa, si nje, iingizwe karatasi ndogo yenye jina la kijiji, tarehe, aina ya zao, tarehe zao lilipoingia ghalani, kama limepukuchuliwa au la, na jina la dawa iliyotumika pamoja na kipimo chake. Maelezo hayo yaandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.